Mwalimu wa Mshumaa

Mimi nauza mchele, na biashara ya mchele haimwachi mtu na moyo mweupe. Gunia likifika kutoka Kahama, juu wamekuwekea punje ndefu safi, katikati kuna chenga, na chini kabisa kuna unyevu wa kuongezea uzito. Kwa hiyo kabla sijasema neno huchomeka bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, ubavuni mwa gunia, nikatoa punje chache, nikazing'ata. Zikikatika kwa mlio, tunaongea. Zikipondeka kimya, mwenye mzigo apakie arudi alikotoka. Na watu nimezoea kuwafanyia hivyohivyo. Wachungaji, waganga, wagombea udiwani, wanunuzi wa dhahabu wanaokuja na tabasamu na mizani ndogo mfukoni, wote nimewang'ata na wengi walipondeka.

Mmoja alinishinda. Nilimng'ata tangu nikiwa na sare ya shule nisijue kama amekauka au la. Tulimwita Mwalimu, hata mchungaji alimwita hivyo, na sidhani kama nusu ya watu wa huku Geita waliwahi kulisikia jina lake.

Alinifundisha kemia na baiolojia sekondari, Shinyanga. Alipostaafu akahamia huku kwenye senta yetu ya machimbo, ambako mimi nilikuwa nimeshafungua duka. Alisema hewa ya huku inamfaa. Sikuamini, maana hewa ya huku ni vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinazolia kutwa nzima kama watu wagomvi. Nadhani alifuata wanafunzi wake. Kila aliyefeli kidato cha nne kule kwetu alikuwa ameishia huku kwenye mashimo, na yeye alikuwa akiwatambua barabarani mmoja mmoja na kuwauliza kama bado wanakumbuka jedwali la elementi.

Alikuwa mfupi, mwenye kichwa kikubwa na sauti ndogo. Alivaa suti ya mikono mifupi, ile yenye mifuko minne, na mfuko mmoja daima ulikuwa na chaki. Hadi uzeeni. Ukimuuliza jambo, alitafuta mahali pa kuandika. Mlango wa duka langu aliuchorea molekuli ya wanga siku niliyomuuliza kwa nini mchele wa zamani hujaa sufuria kuliko mpya, na wateja kwa wiki nzima wakadhani nimewekewa zindiko.

Nianze na sala zake, kwa sababu ndizo zilizonitia shaka kwanza. Darasani, kabla ya jaribio lolote, Mwalimu alisali. Aliinamisha kichwa mbele ya zile chupa na kumshukuru Mungu kwa asidi, kwa besi, na kwa kioo kinachotuwezesha kuona ndani. Kisha alisema, "Amina. Sasa tusiamini chochote mpaka tuone." Wenzangu waliandika bila kufikiri. Mimi nilikaa na lile neno. Kama hatuamini mpaka tuone, basi hapa alikuwa anaongea na nani sasa hivi? Siku moja nikamuuliza, mbele ya darasa zima, kwa kiburi cha binti aliyejua yuko sahihi. Hakukasirika. Alisema aliyekuwa anaongea naye ndiye aliyemwambia aangalie.

Darasa lilipiga makofi. Mimi sikupiga. Jibu lilikuwa limenyooka mno, na mimi jibu lililonyooka mno hunifanya nitafute lilikopigiwa pasi.

Jumatano alitufundisha jinsi viumbe walivyobadilika kidogokidogo kwa muda mrefu usiohesabika. Jumapili, kwa sauti ileile, alisimama kanisani na kusoma habari za uumbaji, mchana na usiku na viumbe kila aina. Mzazi mmoja, shemasi kutoka Samuye, alikuja shuleni akiwa amefura. Nilikuwa nafuta madirisha ya maabara kwa adhabu, nikasikia yote. Mwalimu alimpa kiti na kumuuliza habari za ng'ombe wake. Yule mzee akasahau ugomvi. Akaeleza jinsi anavyochagua dume, jinsi baba yake alivyochagua, jinsi ng'ombe wao wa sasa wanavyovumilia kiangazi kuliko wale wa babu. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi na Mungu ni mfugaji, baba," alisema. "Ila yeye hana haraka."

Shemasi aliondoka anacheka, akamwachia na kuku. Mimi nikabaki na kitambaa changu dirishani, najiuliza kama yule mzee amejibiwa au amechezewa. Alikuja na swali, akaondoka na kitu kitamu cha kwenda nacho nyumbani. Nimeona wauzaji wengi wakifanya hivyo tangu siku hiyo.

Ikaja habari ya mvua. Huku kwetu mvua ikichelewa, watu huomba, na wakiona sala zao hazifiki hutafuta mtu ambaye zake zinafika. Sifa ya Mwalimu ilikuwa kubwa. Akiomba, inanyesha. Wakulima wa pamba walikuja hata kutoka vijiji vya mbali. Lakini mimi nilikuwa na duka lenye baraza linalotazama nyumba yake, na nilianza kuangalia. Mwezi wa nane hakukubali kuomba. Wa tisa alisema ana mafua. Alikubali pale tu upepo ulipoanza kugeuka na kuja na unyevu, kumbikumbi wakiwa wameshatoboa ardhi, na mawingu ya upande wa ziwa yakiwa yamekaa siku kadhaa bila kuondoka. Hapo alivua kofia akaomba, na watu walirudi nyumbani wakilowa.

Nilimwendea na kumwambia nimemuona. Aliangua kicheko mpaka akakohoa, akaniuliza ni dhambi gani kumwomba Mungu kitu ambacho tayari ameanza kukileta. Nikamwambia dhambi ni kuwaacha watu wadhani wewe ndiye uliyekivuta. Akasema hajawahi kusema hivyo. Ni kweli, hakuwahi kusema. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi yake.

Na hapo hapo, usije ukadhani alikuwa mjanja tu. Mke wake alipougua, Mwalimu aliyewafokea watu wote waende hospitali badala ya kukesha kwenye maombi, alimpeleka hospitali na bado akakesha kwenye maombi. Nilimkuta mwenyewe, amepiga magoti kwenye korido, wauguzi wanampita na matoroli. Alisali kama mtu anayegombana na ndugu yake. Mama yule alifariki. Msibani watu walifuatana kumshika mkono wakisema ni mapenzi ya Mungu, mpaka mmoja akalisema mara ya pili, na Mwalimu akasimama.

"Ni figo," alisema. "Msimsingizie Mungu figo."

Jumapili iliyofuata alikuwa mstari wa mbele kwaya ikiimba, anaimba besi yake, amefumba macho. Nilimtazama ibada nzima nikitafuta mahali anapojifanya. Sikupaona, na jambo hilo liliniudhi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba mtu huyu kanisa kwake ni kanzu ya kuvaa mbele za watu, na chini ya kanzu kuna mwalimu wa kemia anayetucheka.

Sasa nije kwenye duara, ambalo ndilo lililotufikisha tulipofika.

Duara ni shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo. Linashuka wima, limeshikiliwa na magogo, na ndani linatawanyika mapango wanakofuata mwamba. Duara likikaa bila kazi, baada ya mvua au ugomvi au msiba, halifunguliwi hivihivi. Zamani mwenye duara alileta mganga na mbuzi. Waliookoka hawataki tena mbuzi, lakini hawataki pia kushuka bila kitu chochote, kwa hiyo huleta mzee wa kanisa. Na Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Mwanamke hasogei mdomoni mwa duara, wanasema dhahabu inakimbia, kwa hiyo mimi niliyaona haya kutoka ng'ambo ya uzio wa miti, pale akina mama wanapoponda mawe karibu na karasha. Nilikuwa nawapelekea mchele, na nilikuwa na sababu nyingine ya kusimama. Mdogo wangu Shija, aliyetufuata mimi na pacha wangu Kulwa tumboni mwa mama, alikuwa mmoja wa wanaapolo wa duara lile, ndivyo wachimbaji wanavyojiita.

Mwalimu alifika, akavua kofia, akasali sala fupi. Kisha alitoa mshumaa wa kawaida wa dukani, akauwasha, akausimamisha ndani ya kopo la maziwa lililofungwa kamba, akalishusha shimoni taratibu. Wote walisubiri. Kopo likipanda mshumaa unawaka, alisema, "Shukeni." Likipanda umezimika, alisema, "Leo hapana," akawaagiza wafunge turubai mdomoni kunasa upepo na kuuelekeza chini, kisha akavaa kofia akaenda zake.

Mimi nilisoma kemia kwake. Nilijua mara moja anachopima. Shimoni hewa huchoka, oksijeni ikipungua moto hauwaki, na pasipowaka moto mtu naye hadumu. Somo la kidato cha pili. Lakini wanaapolo hawakuona somo. Waliona mzee wa kanisa anashusha mwanga mbele za Mungu na Mungu anaukubali au anaukataa. Na akiukataa, lazima kuna sababu.

Hapo ndipo likaanza jambo ambalo sijaliona popote pengine. Mshumaa ukizimika, wale wanaume walikaa chini na kutafuta mwenye dhambi. Nani amelala kwa mke wa mtu? Nani ameficha jiwe kwenye buti? Nani hajasalimiana na nani? Na walitubu! Wanaume ambao hata mama zao hawawajui walisimama na kusema mambo yao mbele ya wenzao. Walipatana, walirudishiana vitu. Wakati huo turubai linaingiza upepo, na kesho yake Mwalimu akirudi, mshumaa unawaka. Wakaondoka na hakika kwamba toba ndiyo iliyouwasha.

Shija aliponisimulia nilidhani ananitania. Alikuwa anasema kwa dhati. Alisema duara lao halijapoteza mtu tangu Mwalimu aanze, wakati maduara ya jirani yanazika. Hilo lilikuwa kweli.

Siku hiyohiyo nilimfuata Mwalimu nyumbani kwake. Alikuwa anapalilia mchicha. Nikamwambia awaeleze wale watu kwamba mshumaa unapima hewa na haujui lolote la dhambi. Hakujifanya haelewi. Alisema alijaribu, mwaka wa kwanza alipofika. Aliwaambia kuhusu hewa, akawaandikia mpaka kwenye ndoo, na walimsikiliza kwa adabu kisha wakashuka, na wawili wakatolewa hawajitambui. Oksijeni hawaiogopi kwa sababu hawaioni. Mungu wanamwogopa.

"Wamepatana, na hewa imeingia," alisema. "Nani amepungukiwa, Doto?"

"Siku ukikosea wewe, watasema Mungu kakosea."

Aliacha kupalilia. Alisema atalifikiria. Sijui kama alilifikiria. Jumatatu yake aliitwa duarani, na nilimuona kutoka kwenye uzio akishusha kopo kama kawaida.

Nilimkataza Shija kazi ile. Akanicheka. Nilimwambia kwamba Mwalimu wake haamini hata nusu ya anavyoamini yeye, na Shija akanijibu kwamba mimi nikiwekwa mbinguni nitawang'ata malaika. Hilo la malaika lilienea senta nzima, na hadi leo wapo wanaoniita Mama Malaika.

Masika ile mvua ilipita kiasi. Duara lilijaa maji. Mota ya petroli ya kuvutia maji ikiwa juu haiwezi kuyanyonya kutoka chini kabisa, kwa hiyo waliishusha ndani, wakaitega kwenye jukwaa la magogo katikati ya shimo, ikanguruma humo mpaka maji yakaisha. Kulipokucha waliipandisha. Wakamwita Mwalimu.

Nilikuwepo kwenye uzio. Alivua kofia, akasali. Aliinama akashusha kopo, na watu walikuwa wengi siku hiyo kwa sababu kazi ilikuwa imelala muda mrefu na njaa ilikuwa imebisha hodi kila nyumba. Kopo lilipanda, mshumaa unawaka vizuri, mwali umesimama. Watu wakalipuka kwa wimbo bila kuongozwa. Mwalimu akasema, "Shukeni."

Walishuka Shija na mwenzake mmoja, kijana wa Ushetu mwenye mke na mtoto mchanga, wakatangulia kuangalia magogo. Hawakuita. Wenzao walipovuta kamba ya ishara hakuna aliyejibu. Walipotolewa, yule wa Ushetu alikuwa ameshakufa, uso wake mwekundu kama mtu aliyetoka kuota moto. Shija alikuwa anapumua.

Moshi wa mota una hewa ya sumu isiyoonekana. Haizimi mshumaa. Mshumaa unaweza kuwaka humo vizuri kabisa na mtu akafa pembeni yake. Hilo nililijua baadaye, kwa daktari aliyemtibu Shija, na nilipolijua nilikaa chini kwenye sakafu ya wodi nikalia kwa hasira, maana nilielewa papo hapo nini kitafuata.

Kilifuata. Tulimzika yule wa Ushetu, na kabla udongo haujakauka wanaapolo wakaanza hesabu yao. Mshumaa uliwaka, kwa hiyo Mungu alikubali. Mungu alikubali na mtu akafa, kwa hiyo kuna mtu alikuwa na kitu kikubwa kuliko dhambi ya kawaida. Wawili walishuka, mmoja akafa, mmoja akatoka. Huku kwetu neno lake linajulikana na halisemwi kwa sauti kubwa. Kafara. Walisema Shija amemtoa mwenzake ili apate dhahabu.

Shija alikuwa ametoka hospitali, mikono inatetemeka, anauliza jambo moja mara nyingi. Walimchukua nyumbani kwangu asubuhi nikiwa sokoni. Nilipofika mama wa jirani aliniambia wamempeleka duarani, na wana mapanga, na wamesema atasema au atarudishwa alikotoka.

Nilikimbia kwa Mwalimu. Nitasema nilichokuwa nacho moyoni: nilikuwa na hakika atajificha. Mtu aliyejenga heshima yake kwa kunyamaza, kwa nini aongee siku ambayo kuongea kunaibomoa? Nilishaandaa matusi. Lakini nilimkuta mlangoni amevaa viatu, anakuja. Tulikwenda pamoja, na tulipofika kwenye uzio wa miti nikaupita. Hakuna aliyeniona kuwa ni mwanamke siku ile.

Shija alikuwa amekalishwa chini ya kibanda cha winchi. Mwalimu alisimama mbele yake na kutoa chaki. Aliwaeleza yote, juu ya bati la kibanda, hewa hii na hewa ile, mota, damu, jinsi mtu anavyosinzia asijue anakufa. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kutufundisha darasani. Aliwaambia wazi kwamba mshumaa haujui dhambi ya mtu yeyote na haujawahi kuijua.

Mwenye duara, mtu mzima mwenye sauti nzito, alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Mwalimu, miaka yote hii unasali, unashusha mwanga, unatuambia tushuke," alisema. "Tumetubu mambo yetu mbele yako ukiwa umesimama. Leo ndugu wa huyu dada yako wa duka amekamatwa, ndiyo unatuletea habari za moshi? Wamekununua kwa shilingi ngapi?"

Watu wakaguna kukubali. Nikaona mmoja amebadilisha panga mkono. Nilimwangalia Mwalimu, na nadhani sijawahi kumwogopea mtu na kumchukia kwa wakati mmoja kama nilivyomfanyia yeye pale, kwa sababu ukweli ulikuwa umetoka mdomoni mwake na haukuwa na kazi tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kutouhitaji.

Alirudisha chaki mfukoni. Akavua kofia, kama anavyofanya kabla ya sala.

"Mnatafuta mwenye dhambi," alisema. "Ni mimi. Mwacheni huyu."

"Dhambi gani?" mwenye duara aliuliza.

"Yangu na Mungu. Kopo nililishika mimi. Nawaambia mbele zake, aliyemuua yule kijana ni mimi, Shija hana lolote."

Walimwamini. Nililiona lile jambo likipita usoni mwa mmoja hadi mwingine, haraka, bila swali. Maelezo yote ya bati walikuwa wameyakataa, na hili la maneno machache wakalipokea kama maji. Mwenye duara alimwinua Shija kwa mkono wake mwenyewe na kunikabidhi. Mwalimu hawakumpiga, alikuwa mzee mno na wengi alikuwa amewafundisha au amewaombea. Mmoja alitema mate karibu na kiatu chake. Kopo lilitupwa shimoni. Wiki ile kanisa lilimvua cheo cha mzee, mchungaji akilia wakati anatangaza, naye akasimama akasalimiana na kila mtu mlangoni, kisha akahamia Samuye kwa binti yake.

Tangu siku hiyo nilimheshimu. Nilisema kwa wachache ninaowaamini kwamba Mwalimu alikuwa mwongo wa maisha yake yote kwa kunyamaza, na mara moja tu alipodanganya kwa mdomo alimwokoa ndugu yangu. Alikuwa ameelewa kwamba watu wale hawawezi kupokea ukweli ila ukiwa umevaa nguo zao, akajivua heshima yake akauvalisha. Nilijiona nimemjua hatimaye. Mtu wa sayansi, ambaye imani alijifunza kuitumia kama lugha ya kigeni, na akaisema vizuri siku ilipohitajika. Nililala vizuri na jibu hilo kwa miaka kadhaa, mimi ambaye jibu la mtu mwingine nisingelala nalo kitanda kimoja.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda Samuye na Shija. Shija anatembea vizuri sasa, anafanya kazi dukani. Mikono bado inatetemeka na akitumwa vitu viwili analeta kimoja, lakini siku fulani fulani kumbukumbu yake inakuwa kali kuliko yangu. Tulimkuta Mwalimu uani kwa binti yake anapukuchua karanga, amepungua, suti imekuwa kubwa. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa mikono miwili. Shija akachukua gunia la mchele tulilomletea, akaliingiza ndani.

Tuliongea habari za senta, nani amekufa, nani ameoa. Kisha nikamshukuru. Nilimwambia sikuwahi kumshukuru sawasawa kwa ule uongo wake wa duarani.

Aliacha karanga.

"Uongo upi?"

Nikamwambia, ule wa kusema mwenye dhambi ni yeye. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama darasani nikitoa jibu ambalo liko karibu na si lenyewe.

"Niliisikia harufu ya mota, Doto," alisema. "Asubuhi ile nilipoinama kushusha kopo. Niliisikia wazi kabisa, nikajua imelala humo ndani. Nilikuwa niwaulize. Moshi ule naufahamu tangu chuoni, nimeufundisha. Kisha mshumaa ukapanda unawaka, watu wakaanza kuimba, na mimi nikasema moyoni, basi Mungu amekubali."

Miaka yote nilimchunguza nikitafuta mahali asipoamini, nikiwa na hakika kwamba hapo ndipo hatari ilipo. Na siku moja tu ambayo aliamini kama wao, bila kuuliza, bila kungoja kuona, ndiyo iliyomuua kijana wa watu na kumharibu ndugu yangu. Nilikasirika. Nikamuuliza mbona hakusema pale duarani, na akasema alisema. Akasema aliyasema yote, ila mimi ndiye ambaye sikumwamini.

Shija akatoka ndani akijifuta unga wa gunia mikononi. Nilimwambia Mwalimu kwamba mimi si wa kuambiwa hayo, amwambie huyu. Mzee akajikaza akasimama, karanga zikamwagika mapajani. Akamwambia. Hakuongeza wala hakupunguza, alirudia vilevile, harufu, mshumaa, nyimbo, na alichosema moyoni.

Shija aliendelea kujifuta mikono akitafuta maneno, kama anavyofanya siku hizi. Nilidhani amesahau anachoambiwa.

"Na sisi tuliisikia, Mwalimu," akasema. "Tulikuwa tunakuangalia wewe."